Darubini ya Mkulima: Nunua ya Kutazamia, Si ya Kulengea



Mahindi yanapobeba na maembe yanapokaribia kuiva, kila mwenye shamba kando ya Mto Tana hulala jicho moja wazi. Kiboko hutoka majini usiku akala hata kile ambacho hukupanda kwa ajili yake. Nyani hungoja mlinzi aende kunywa chai. Twiga naye hutoka porini akala vilele vya miembe ambavyo wewe mwenye shamba huwezi kuvifikia hata kwa ngazi.

Ndipo watu huanza mazungumzo ya bunduki, na baada ya bunduki huja mazungumzo ya darubini ile inayofungwa juu ya bunduki: ipi ni nzuri, ipi ni rahisi, ipi inamleta mnyama karibu zaidi. Nataka kulijibu swali hilo waziwazi. Darubini ya bunduki iliyo nafuu kwa mkulima wa Garissa haipo. Hata ukipewa bure, itakugharimu. Lakini iko darubini nyingine, ya macho mawili, isiyohitaji cheti cha bunduki wala risasi, na hiyo ingefaa kila kikundi cha wakulima kiwe nayo. Leo nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha namna ya kuichagua bila kupunjwa.

SHERIA INASEMA NINI

Zamani leseni za kuwinda zilikuwa zikitolewa katika nchi hii, na wageni wenye fedha walikuja na bunduki zenye darubini kutafuta pembe kubwa. Mambo hayo yalikoma Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama katika Kenya nzima. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi: kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya mwitu ni kosa. Tena Sheria ya Silaha haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti.

Basi jiulize: darubini ya kulengea utaifunga juu ya nini, nayo itamlenga nani? Ikiwa huna jibu unaloweza kumpa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na barabara za kwetu zina vizuizi si vichache, afadhali fedha yako ikae mfukoni.

Wala usifikiri sheria hiyo ililetwa kuwapendelea wanyama dhidi ya watu. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000 hivi. Kufika 1989 walikuwa wamebaki kiasi cha 20,000 tu, na nyika zetu za kaskazini mashariki ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa sana na majangili. Tazama tena habari za hirola, mnyama ambaye hapatikani mwituni penginepo duniani ila huku kwetu na jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Somalia, mbali na kundi dogo lililohamishiwa Tsavo. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi; leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Hifadhi ya Arawale ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili yao. Mwaka 2012 wenyeji wa Ishaqbini, kule Ijara, walitenga eneo lenye ua madhubuti wa kuwazuia simba na fisi, na hirola 48 wakaingizwa humo. Na ni huko huko Ishaqbini ambako mwaka 2020 ilitangazwa kwamba twiga jike mweupe na mtoto wake wameuawa. Walikuwa wamejulikana dunia nzima. Aliyewaua alipata nyama ya siku chache. Sisi tulipoteza kitu ambacho watu wangesafiri kutoka mbali kuja kukiona na kuacha fedha zao hapa.

KUTAZAMA KWA BUNDUKI NI HATARI

Wako watakaosema, "Mimi sitapiga mnyama. Nataka ile darubini nitazamie tu." Kwa hao nina majibu mawili.

La kwanza ni la ufundi. Darubini ya bunduki imetengenezwa ili jicho likae mbali na kioo, kiasi cha sentimita 9, bunduki inaporudi nyuma isimpasue mtu uso. Ukiishika mkononi peke yake, jicho halitulii mahali pake na picha hupotea kila mara. Tena uwanja wake ni mwembamba. Darubini ya kawaida ya macho mawili hukuonyesha upana wa mita 120 au 130 kwa kitu kilicho umbali wa mita 1,000. Ile ya bunduki, ikikuza kwa kiasi kinachokaribiana, hukuonyesha kama theluthi moja ya upana huo. Ni sawa na kutafuta mbuzi aliyepotea kwa kuchungulia katika tundu la ufunguo.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Ikiwa darubini imefungwa juu ya bunduki, basi kila unachokitazama unakielekezea mtutu. Unaona kitu kinatikisika vichakani upande wa malka. Unainua bunduki ili ujue ni nini. Nacho ni kijana anayepeleka ngamia mtoni kunywa maji. Yeye hajui kwamba unatazama tu. Anachokiona ni bunduki imemwelekea. Atakwenda nyumbani na kusema, "Mkulima fulani alitaka kuniua." Je, utamwambiaje baba yake kwamba ulikuwa ukichungulia?

Sisi tunaokaa kando ya Tana twajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Mapigano ya Delta ya Tana ya mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013 yalichukua maisha ya watu zaidi ya 100, na katika mizizi yake ulikuwamo ugomvi wa malisho, mashamba na maji. Shamba lililoliwa hulimwa tena msimu ujao. Mtu aliyekufa harudi, na aliyeua hana msimu mwingine.

KAZI YA DARUBINI YA MACHO MAWILI

Sasa tuangalie upande wa faida. Mkulima aliyepanda juu ya dungu lake saa kumi na moja jioni akiwa na darubini nzuri anaweza kufanya mambo manne ambayo macho matupu hayawezi.

Kwanza, ataona wanyama wanatoka upande gani na ni wangapi, wakiwa bado mbali. Tembo wakionekana kilomita moja kutoka shambani kuna nafasi ya kuwarudisha watoto nyumbani, kuwasha moto, kuwaita majirani na makopo yao, na kuwapigia simu askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Wakionekana wakiwa ndani ya mahindi, kilichobaki ni kukimbia.

Pili, ataona mifugo inayokuja. Kundi la ngamia au mbuzi likiwa bado nje ya mipaka, unaweza kumwendea mchungaji, mkaamkiana, ukamwonyesha malka iliyo wazi ya kufikia maji. Ukimkuta baada ya mimea kuliwa, hakuna maamkizi tena.

Tatu, atamjua mnyama kwa jina lake. Hili ni jambo la fedha. Sheria ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kwa mazao na mifugo, madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, nayo huthamini hasara kwa bei ya soko. Lakini si kila mnyama yumo katika orodha hiyo, na mwenye shamba ambaye hakuchukua hatua za kufaa kulinda mali yake anaweza kunyimwa. Kwa hiyo usiandike "mnyama alikula shamba." Andika: nyati 6, walitoka kaskazini, saa moja jioni, walionwa na fulani na fulani. Ni kweli malipo hukawia sana, na wakulima wana haki ya kulalamika. Hata hivyo dai lililoandikwa vizuri lina nguvu kuliko manung'uniko.

Nne, atalinda uhai wake mwenyewe. Kiboko aliyeko nchi kavu hapendi kukuta mtu amesimama kati yake na maji. Mama anayekwenda kuteka maji alfajiri, au kijana anayekwenda kuwasha pampu, akichungulia ukingo wa mto kutoka mbali kabla ya kuteremka, ataona kama pana kiboko malishoni au mamba mchangani.

NAMNA YA KUCHAGUA

Juu ya kila darubini pameandikwa namba mbili, kama 8x42. Namba ya kwanza ni kadiri ya kukuza: kitu kilicho mita 800 utakiona kama kwamba kiko mita 100. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atakusifia ile ya kwanza. Wewe itazame ya pili kwa makini zaidi, kwani kioo cha mbele ni kama mdomo wa mtungi: ukiwa mwembamba, mwanga unaoingia ni kidogo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gawa namba ya pili kwa namba ya kwanza. Darubini ya 8x42 hukupa 5 na ziada kidogo. Ya 7x50 hukupa 7. Ya 10x50 hukupa 5. Hizo zafaa machweo na alfajiri, saa ambazo wanyama hutembea. Lakini ya 8x21, ile ndogo ya mfukoni, hukupa 2 na nusu tu, na ya 20x50 vivyo hivyo. Giza la gizani mboni ya jicho la kijana hupanuka hadi milimita 7 hivi, na ya mzee 5 au pungufu. Darubini inayotoa mwanga wa milimita 2 na nusu huliacha jicho hilo na njaa: mchana utaona vizuri, na jua likizama utaona vivuli.

Usidanganywe na kukuza kwa 20 au 30. Mkono wa mtu hutetemeka, na darubini hukuza mtetemeko pamoja na mnyama. Kwa kushika mkononi, 7 au 8 yatosha, na 10 ndio mwisho. Zile zinazobadili ukuzaji kwa kusukuma kitufe, ikiwa ni za bei ndogo, ziache dukani. Mkulima akiniuliza anunue ipi, nitamjibu 8x42, na mlinzi wa usiku wa mbalamwezi nitamwambia 7x50 ingawa ni nzito.

Kisha fanya majaribio haya mlangoni mwa duka, penye mwanga wa jua, wala si ndani chini ya taa.

Chukua rula ya mtoto wa shule upime kioo cha mbele. Ikiwa pameandikwa 50 na rula yasema 30, mrudishie mwenye duka mali yake na umtakie siku njema.

Tazama rangi ya mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo cha mbele. Kioo kizuri hung'aa kwa rangi hafifu ya kijani au zambarau. Kioo chenye wekundu mkali kama kioo cha kujitazamia hupendeza machoni pa mnunuzi, lakini hukirudisha nje mwanga ambao ungeuhitaji jioni.

Ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze angani, utazame duara mbili za mwanga katika vioo vya nyuma. Ziwe za mviringo kamili. Zikiwa zimekatwa pembeni, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Maandishi BaK-4 ni dalili njema, lakini jicho lako ni shahidi bora kuliko maandishi.

Mwisho, tazama kitu chembamba kilicho mbali, kama nguzo ya simu au mnara wa msikiti. Funga jicho la kulia, rekebisha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funga la kushoto, ugeuze pete ya kioo cha kulia. Sasa fumbua yote mawili. Ukiona mnara mmoja, vema. Ukiona miwili, au ukihisi macho yanavutwa, iache: itakupa maumivu ya kichwa kila jioni. Darubini nzuri ni ile ambayo ukiitazamia nyamera na hirola malishoni utaweza kuwatofautisha, kwa kuwa hirola ana mstari mweupe kati ya macho, mfano wa mtu aliyevaa miwani.

Juu ya bei, kipimo changu ni mbuzi. Usinunue ya bei ya kuku, kwani rahisi hugharimu. Wala usiuze fahali ili upate yenye jina kubwa. Bei ya mbuzi wawili hukupatia chombo imara kisichoingiza vumbi wala unyevu, na kwa vumbi la Garissa na ukungu wa mtoni hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Wazee walisema, "Bura yangu sibadili na rehani." Nguo yako ya kawaida inayokusitiri ina thamani kuliko hariri ya mwenzio.

MUWE WATU KUMI

Hakuna haja ya kila mtu kuwa na yake. Wakulima kumi wa mfereji mmoja wakichanga, kila mmoja atatoa sehemu ndogo ya bei ya mbuzi. Ichagulieni darubini mwekaji mmoja mwaminifu, mwanamume au mwanamke, na pamoja nayo daftari. Kila mlinzi wa zamu aandike tarehe, saa, mnyama, idadi, alikotoka na alikokwenda. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawaonyesha njia ambazo wanyama huzipenda, nanyi mtajua mahali pa kuweka ua kwanza na mahali pa kuacha wazi. Mkienda mbele ya kamati ya fidia au kuzungumza na wazee wa wafugaji, mtakwenda na maandishi.

Itunzeni. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa safi cha pamba; ukifuta kwa ncha ya shuka lenye mchanga umekikwaruza milele. Iwe na kamba shingoni daima. Na mwonye kila mtoto: kulitazama jua kwa darubini ni kupofuka.

Najua mtu atasema, "Darubini haimfukuzi tembo." Ni kweli. Wala gizani totoro haitamwonyesha, na yeyote akikuuzia ya bei ndogo akisema inaona usiku kama mchana, anakucheza. Kazi ya kufukuza itabaki kwa moto, makopo, tochi, ua na askari wa wanyama. Wako wakulima wa Sagalla, Taita, waliotundika mizinga ya nyuki katika nyua zao, kwa sababu tembo huwachukia nyuki, na asali wakapata. Lakini vyote hivyo humfaa aliyejua mapema. Aliyechelewa kuona, hata akiwa na bunduki, amekwisha kuchelewa.

Basi wewe mkulima wa Balambala, Fafi na Ijara, wewe wa Bura na Hola ng'ambo ya pili ya mto, nawe wa Mandera kando ya Mto Daua, fikiri vizuri kabla ya kutoa shilingi yako. Darubini ya kulengea itakutia hofu ya askari na uadui wa jirani, na shamba litaliwa vile vile. Darubini ya kutazamia itakupa nafasi kabla ya hatari kufika, na nafasi hiyo ndiyo inayookoa mahindi na watu. Kusanyeni watu kumi kabla ya mvua zijazo, mchange, mwende dukani na rula yenu. Mwenye macho haambiwi tazama.